Likizo ya Bwana Shamba

Ndugu msomaji, katika miaka yote niliyofanya kazi ya ukarani niliandika uongo mmoja mkubwa. Niliuandika kwa mwandiko mzuri, kwa wino wa buluu, nikaupigia muhuri na kuufunga ndani ya jalada. Hakuna aliyeniadhibu. Kinyume chake, mkuu wangu aliyepitia majalada mwishoni mwa mwaka alinisifu kwamba masjala yangu ilikuwa safi kupita zote.

Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili: "Yuko likizo."

Mtu niliyemwandikia maneno hayo hakuwa likizo. Alikuwa vitani. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi tangu nilipostaafu, na kila ninapolikumbuka nauliza swali lile lile: serikali inapomwita mtumishi wake aache kalamu ashike bunduki, kiti alichokiacha ofisini ni cha nani? Mshahara wake je? Na siku zile anazolala handakini zinahesabiwa katika kitabu gani? Mtu anaweza kuyaona haya kuwa maswali madogo ya makarani. Nami niliyaona hivyo, mpaka yalipomrudia mtu ninayemfahamu.

Kabla sijaeleza yaliyotokea, yafaa tukumbuke tulikotoka, kwa maana jambo hili lina historia ndefu hapa kwetu.

Kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua Kariakoo. Wengi hununua nyanya na vitambaa pale bila kukumbuka kwamba jina hilo ni la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi zetu, jina la kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Wapagazi wale walichukuliwa vijijini kwa maelfu mengi, wakafa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Vita vilipokwisha, ujira wa wengi wao haukuwafikia wenyewe wala jamaa zao. Sababu mojawapo ilikuwa ya kikarani kabisa: majina hayakuandikwa sawasawa. Huyu kaandikwa kwa jina la baba, yule kwa jina la kijiji, na wa tatu hakuandikwa. Mtu asiyekuwamo daftarini hana anachodai, hata kama mgongo wake una kovu la mzigo.

Tulipopata uhuru tulitaka kufanya mambo kwa namna yetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwanza kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 ikaja amri kwamba wasomi wanaomaliza vyuo na sekondari waingie kwa lazima kwa miaka miwili. Miezi ya mwanzo wakae kambini, na miezi 18 inayobaki wafanye kazi zao za kawaida huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wapatao 400. Katika hasira hiyo hiyo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Nami nilikuwa kijana wakati ule, na niliona kuwa Mwalimu ana haki. Hata leo naona hivyo kwa sehemu kubwa. Aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima ana deni. Lakini ona, msomaji, kwamba pamoja na ukali wake, sheria ile ilikuwa na wema mmoja: ilisema. Kijana alijua ataondoka lini, atarudi lini, atapata kiasi gani na atakosa kiasi gani. Hesabu ilikuwa chungu, lakini ilikuwa imeandikwa.

Mgambo ulikuja baadaye. Novemba 1970 wavamizi waliishambulia Guinea kutoka baharini, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote huko Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo wake, ukisema ulinzi wa nchi uwe mikononi mwa wananchi wenyewe. Tukaanza mazoezi. Mwalimu wa shule, mganga msaidizi, dereva, karani na mkulima, wote tulitembea kwa mguu mmoja uwanjani jioni, wengine na bunduki za mti. Tulikuwa tukicheka sana. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku tutakapoitwa kweli kweli. Uwanja wa mazoezi ulikuwa hatua mia kutoka ofisini, na kila mtu alirudi kitini kwake asubuhi.

Siku ya kweli ikafika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Kagera. Walishika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto, kama kilometa za mraba 1,800, wakaua, wakapora ng'ombe na kuchoma nyumba. Amin akatangaza kwamba sehemu ile sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alizungumza na taifa. Sina haja ya kurudia maneno yake. Kila aliyekuwa na redio, au jirani mwenye redio, anayo kichwani mpaka leo, kuhusu uwezo, sababu na nia.

Waziri Mkuu Edward Sokoine aliagiza mikoa itoe kila ilichonacho kwa ajili ya vita. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa. Wananchi walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 lilikua kwa miezi michache likapita 100,000, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa mgambo, yaani watu waliokuwa na kazi nyingine jana yake.

Mmoja wao alikuwa Bwana Shamba wetu.

Sitalitaja jina lake wala wilaya yetu. Yatosha kusema ilikuwa ofisi moja ya kanda ya kati, yenye mwembe mbele na kabati za chuma ndani, na yeye alikuwa akipita vijijini kwa baiskeli akiwafundisha watu kupanda mtama kwa mistari. Alikuwa mrefu, mpole, na mshika shabaha wa kwanza katika mgambo wetu. Orodha ilipokuja jioni moja mwanzoni mwa Desemba, jina lake lilikuwa la tatu. Langu halikuwamo. Asubuhi aliingia masjala akiwa na begi dogo, akaniwekea ufunguo wa baiskeli mezani.

"Karani, nitunzie huu," alisema. "Na umwambie mkuu nimekwenda."

Nikamwambia aende salama. Lori likawapeleka stesheni, na treni ikawachukua kuelekea Tabora na Mwanza.

Siku ya tatu mkuu wetu aliniita. Mbele yake palikuwa na fomu ya mahudhurio ya mwezi.

"Huyu tumwandike nini?" aliuliza.

Fomu ilikuwa na nafasi za kutosha. Yupo kazini. Yuko safarini kikazi. Mgonjwa. Likizo ya mwaka. Likizo ya uzazi. Likizo bila malipo. Mtoro. Nafasi ya vita haikuwamo. Kitabu cha kanuni za utumishi kilikuwa rafuni nyuma yangu, kinene, kimejaa vumbi. Sikukifungua. Ningeweza kuandika barua makao makuu kuomba maelekezo. Sikuandika. Nilisema, kwa kujiamini kabisa, "Ana siku 28 za mwaka huu, na 28 za mwaka jana hakuzichukua. Tumwandike likizo."

Mkuu alifurahi. "Vizuri. Vita vyenyewe haviwezi kufika siku hizo."

Neno "likizo" katika lugha yetu lina harufu ya mapumziko. Ni neno la shule zikifungwa, la mtu anayekwenda kwao kuona wazazi, kula mahindi mabichi na kurudi amenenepa. Ndilo neno nililomwandikia mtu aliyekuwa akielekea Mutukula. Mshahara wake uliendelea kutoka kwa siku 56, na mke wake akaja dirishani kuupokea kama kawaida. Niliona nimetenda wema. Kumbe nilikuwa nimemlipa mtu kwa fedha yake mwenyewe, kwa kumnyang'anya mapumziko aliyokwisha kuyafanyia kazi.

Vita havikwisha katika siku 56. Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka Februari, na Kampala tarehe 11 Aprili. Majeshi yetu yaliendelea kaskazini mpaka mwanzoni mwa Juni. Lakini siku za Bwana Shamba zilikwisha mwishoni mwa Januari, na fomu ikarudi mezani na swali lile lile. Safari hii niliandika "likizo bila malipo". Hata sikumwuliza mkuu, nilimpelekea asaini.

Mwisho wa Februari mke wake alikuja dirishani akiwa na mtoto mgongoni. Nilimweleza.

"Shemeji," aliniambia polepole, "amekwenda kwa ruhusa ya nani?"

"Ya serikali."

"Na anayemnyima mshahara ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akaondoka. Sisi wafanyakazi wenzake tulimchangia mara mbili au tatu, unga na mafuta ya taa, kisha nasi tukachoka, kwa kuwa kila bidhaa ilikuwa haba na kila mtu alikuwa na wake. Aprili aliuza cherehani yake. Siku Kampala ilipotwaliwa tulipiga ngoma chini ya mwembe, naye alikuja akacheza na wenzake. Nilimwona.

Bwana Shamba alirudi Agosti, mwembamba, amekuwa mkimya. Alipokewa kwa gwaride, wakavishwa mashada ya maua, na kiongozi mmoja akatoa hotuba nzuri. Jumatatu yake alifika ofisini, akakuta meza yake ina mtu mwingine, na baiskeli anaipanda huyo mtu. Alipewa kazi kijiji cha mbali zaidi. Nyongeza yake ya mshahara ya Julai ilikuwa imeruka, kwa kuwa jalada lilionyesha hakuwa kazini. Hakugombana na mtu. Alichukua ufunguo wa nyumba ya kijijini akaenda.

Sisemi kwamba ofisi zote nchini zilifanya hivi. Najua mtu wa wilaya jirani aliyelipwa mshahara wake wote tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sababu tu karani wake aliandika "yuko kazini, ulinzi wa taifa" katika nafasi ya safari za kikazi. Fomu ile ile, nafasi zile zile. Tofauti ilikuwa karani.

Miaka ikapita. Nyongeza ile moja iliyoruka, msomaji, haikuwa jambo la mwaka mmoja. Kila mwaka wenzake waliokuwa naye daraja moja walipanda ngazi, naye alipanda, lakini daima ngazi moja chini yao. Hakuweza kuwafikia, kama mtu anayewafuata wenzake njiani kwa mwendo ule ule baada ya kuchelewa kuondoka. Alipostaafu mwaka 1994 alikuja kwangu na karatasi ya kiinua mgongo. Kaunta ilikuwa katikati yetu, kama zamani.

"Hapa pamepungua miezi saba," alisema. "Nimehesabu mara tatu."

Nilijua ni miezi ipi. Nilitoa jalada, nikalifungua, nikamwonyesha mwandiko wangu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Karani," alisema, "ungeandika tu nilikokwenda."

Hakusema zaidi ya hayo. Nilimwandikia barua nikieleza ukweli wote, nikasaini kama shahidi. Ilizunguka mezani kwa wakubwa kwa mwaka na nusu. Jibu lililorudi lilisema kwamba kumbukumbu zilizopo zinaonyesha mhusika alikuwa likizo bila malipo kwa kipindi hicho. Kumbukumbu zilizopo, yaani mwandiko wangu. Uongo wangu ulikuwa umenishinda mwenyewe.

Ningeacha hapo, na pengine nisingeandika makala haya, kama si simu niliyopigiwa mwaka 2011 na mpwa wangu aliyehamia Marekani. Alikwenda kusoma, akaoa huko, akawa raia, akaajiriwa uhasibu katika idara moja ya serikali kuu. Kama walivyo vijana wengi wa huko, alijiunga pia na jeshi la akiba, yaani askari wa siku chache kila mwezi. Alinipigia kuniaga: ameitwa kwa miezi kumi, anapelekwa Kuwait.

Mtu mwingine angemwombea dua kwanza. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwuliza: "Jaladani wamekuandika nini?"

Alicheka. "Mjomba, hapa kuna orodha nzima ya kuchagua."

Nikamwambia anisomee. Alinisomea taratibu, nami nikaandika nyuma ya kalenda. Baadaye nilimsumbua kwa barua mpaka nikaelewa kila kifungu.

Kwanza, mtumishi wa serikali kuu ya Marekani aliye askari wa akiba alikuwa akipewa wakati ule siku 15 za likizo ya kijeshi kila mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Oktoba. Siku hizo hazigusi likizo yake ya kawaida, na katika siku hizo hupokea mshahara wa ofisini na wa jeshini, yote miwili. Asipozitumia, wakati ule aliweza kuvusha mpaka siku 15 kwenda mwaka unaofuata. Jumamosi na Jumapili, kama si siku zake za kazi, hazihesabiwi. Pili, akiitwa kwa dharura ya kitaifa, kuna siku nyingine 22 za kazi katika mwaka. Hapo hapati mishahara miwili: anapata ule ulio mkubwa. Tatu, akitaka mwenyewe, anaweza kutumia likizo yake ya mwaka. Lakini uamuzi ni wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha. Niliposikia kifungu hicho nilinyamaza kidogo kwenye simu, mpaka mpwa akauliza kama bado nipo.

Nne, siku hizo zote zikiisha, huandikwa likizo bila malipo. Ndiyo, maneno yale yale niliyoyaandika mimi. Lakini kwao maneno hayo yamewekewa alama inayoeleza kwamba mtu huyu ametoka kwa ajili ya utumishi wa kijeshi. Alama hiyo hubadili kila kitu. Kwa alama hiyo kazi yake hulindwa. Muda wake huhesabika katika pensheni akikamilisha mchango wake. Na tangu mwaka 2009, sheria huitaka idara yake imfidie pengo iwapo mshahara wa jeshini ni mdogo kuliko wa ofisini.

Mpwa wangu aliporudi alipewa siku 5 za kupumzika zisizokatwa popote, kisha akarudi mezani kwake. Kwa kuwa alikaa zaidi ya siku 180, sheria ilimpa hadi siku 90 za kuomba kurudi. Angekaa kati ya siku 31 na 180 angepewa siku 14. Aliyekwenda kwa chini ya siku 31 hutakiwa kuripoti siku ya kazi inayofuata, baada ya kufika nyumbani salama na kupumzika saa 8. Hata usingizi wa aliyerudi umeandikwa ndani ya sheria.

Msomaji asidhani nawasifu Wamarekani kana kwamba walizaliwa na busara hiyo. Waliipata kwa kugombana. Kifungu cha kumrudishia askari kazi yake kiliwekwa mwaka 1940, walipoanza kuandikisha vijana jeshini kwa lazima kabla hawajaingia vitani. Mwaka 1946 kesi ya mchomeleaji mmoja wa kiwanda cha meli, aitwaye Fishgold, ilifika Mahakama Kuu ya nchi. Kesi yenyewe alishindwa. Lakini katika hukumu hiyo Jaji Douglas alitoa mfano ambao haujasahaulika. Alizifananisha kazi na ngazi zile za umeme zinazotembea zenyewe madukani: aliyetoka vitani harudishwi pale aliposhukia, bali pale ambapo angekuwa amefika kama asingeshuka. Nilipousoma mfano huo nilimwona Bwana Shamba, na ile ngazi moja iliyomkimbia kwa miaka 15.

Baada ya vita vya Ghuba vya 1990 na 1991, vilivyowaita askari wa akiba zaidi ya 200,000, waliiandika sheria yao upya, ikatiwa saini Oktoba 1994. Ni mwaka ule ule Bwana Shamba aliponiletea karatasi yake kaunta. Sheria hiyo inawahusu waajiri wote, wa serikali na wa binafsi. Kwa kawaida hulinda kazi ya mtu kwa miaka 5 ya utumishi kwa mwajiri mmoja, lakini miito mingi ya dharura haiingizwi katika hesabu hiyo.

Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mwongoza ndege mmoja aitwaye Nick Feliciano, mtumishi wa serikali na askari wa akiba wa walinzi wa pwani, aliitwa mwaka 2012, akatumikia mpaka 2017, sehemu ya muda huo akiwa kwenye meli iliyosindikiza vyombo bandarini Charleston. Alipodai fidia ya pengo la mshahara, aliambiwa kazi yake haikuhusiana hasa na dharura iliyotangazwa. Alidai mpaka Mahakama Kuu. Tarehe 30 Aprili 2025, kwa majaji 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema kwamba aliyeitwa wakati wa dharura ya taifa hana haja ya kuthibitisha uhusiano huo. Jaji mmoja tu angegeuka, angekosa. Basi hata penye sheria nene namna hiyo, mtu alihitaji miaka mingi na mawakili ili apate chake. Je, pale ambapo kilichopo ni karani tu na fomu yake?

Nimejifunza nini? Kwamba vita hupiganwa na watu wenye mishahara, wake, cherehani na nyongeza za Julai. Kwamba shada la maua na hotuba ni vitu vizuri, lakini havipandi ngazi ya mshahara wala havihesabiki katika kiinua mgongo. Na kwamba uzalendo wa aliyekwenda hautoshi bila uzalendo wa aliyebaki, ambao kazi yake ni ndogo na haina hatari yoyote: kuandika ukweli. Jeshi la Kujenga Taifa la lazima lilisimamishwa mwaka 1994, likarudishwa mwaka 2013. Vijana wanakwenda tena na kurudi. Mahali fulani yuko karani mwenye fomu mbele yake.

Kwake nasema: ndugu yangu, kama fomu haina nafasi, andika pembeni. Andika tarehe ya kuondoka, aliyemwita na alikokwenda. Fungua kitabu kilicho rafuni, na kikinyamaza, uliza kwa maandishi na utunze nakala. Na wewe unayeitwa, usiniachie ufunguo wa baiskeli tu. Niachie nakala ya wito wako, na nyingine umwachie mkeo.

Bwana Shamba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Nilikwenda mazikoni. Wazee wa mgambo waliobaki walisimama kwenye mstari, na mmoja wao akasoma wasifu. Alisoma kwamba marehemu aliitumikia serikali kwa miaka 29. Mjane wake, aliyekuwa amekaa mkekani mbele yangu, aligeuka akanitazama.

"Na miezi saba," alisema kwa sauti.

Msomaji wa wasifu alisita, akatutazama sisi wawili. Nikasimama nikasema, "Ni kweli. Na miezi saba. Alikuwa Uganda, vitani." Akachukua kalamu mfukoni, akaandika juu ya karatasi yake, kisha akaendelea kusoma.